Kampala na Mengo kwa Miguu: Tathmini ya Ziara ya Historia Inayoongozwa kwa Kiswahili

Nimeishi Mengo kwa miaka 17, na kwa muda wote huo nimekuwa nikivuka mpaka wa miji miwili kila asubuhi bila kuujua. Nashuka kilima kwa miguu, napita Kisenyi katikati ya mashine za kusaga mahindi, natokea upande wa stendi ya teksi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini upande mmoja una mitaa iliyopimwa na kunyooshwa, ilhali upande wa pili ni vichochoro vinavyozunguka nyumba za watu. Jibu nimelipata mwezi uliopita katika ziara ya miguu inayoongozwa kwa Kiswahili, niliyoilipia kwa ajili ya binamu zangu wawili waliokuja kututembelea kutoka Tanga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuwa wao, lakini aliyepona ni mimi, na ndiyo maana naandika tathmini hii.

Ziara huendeshwa siku ya Jumamosi na kikundi kidogo cha waongozaji. Huanza saa mbili na nusu asubuhi na kuchukua muda wa saa tano hivi, kwa gharama ya shilingi 70,000 kwa mtu mzima pamoja na chakula cha mchana. Kampala zipo ziara nyingi, hasa zile za kubebwa kwa bodaboda kutoka kilima hadi kilima, ambazo humwonyesha mgeni mambo mengi kwa muda mfupi. Hii ni tofauti kwa sababu inafuata swali moja tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho: ilikuwaje mahali pamoja pakawa na miji miwili, yenye wakuu wawili na taratibu mbili za ardhi, na ilikuwaje miji hiyo ikashonwa ikawa jiji moja.

Nasema ikashonwa kwa sababu hivyo ndivyo kiongozi wetu alivyotuonyesha. Ni mama wa makamo, Mnubi wa Bombo, aliyelelewa kwa Kinubi na Kiswahili kwa pamoja, na kundi zima la watu 11 lilimwita Mama kuanzia dakika ya kwanza. Ndani ya kikapu chake alibeba ramani aliyoitengeneza mwenyewe. Nusu yake ni marikani nyeupe, na nusu ya pili ni lubugo, yaani ile nguo ya gome la mtuba ambayo Waganda huitumia katika mazishi na sherehe za kifalme. Vipande hivyo viwili vimeunganishwa kwa uzi mwekundu, kwa mishono mikubwa ambayo hakujaribu kuificha. Marikani ni Kampala ya serikali ya Waingereza, lubugo ni Kibuga, yaani mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na uzi mwekundu ni mwaka 1968. Nimefundisha darasani kwa miaka mingi, na sikumbuki kuona kifaa cha kufundishia kilichofanya kazi yake vizuri kuliko kitambaa kile.

Kituo cha kwanza ni Old Kampala, kwenye mnara wa Msikiti wa Taifa, ule ulioanzwa wakati wa Idi Amin na kukamilishwa miaka mingi baadaye kwa msaada wa Libya, ukafunguliwa rasmi mwaka 2008. Kupanda mnara ni kazi, kwani ngazi zinapita 300, lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Jina la kilima hiki ndilo lililokuja kuwa jina la jiji zima, nalo linatokana na impala, mnyama ambaye sisi Waswahili tunamwita swala pala. Hapa ndipo Kapteni Frederick Lugard, aliyefika Desemba 1890 kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipojenga ngome yake. Ukisimama juu ya mnara na kutazama kusini unaona kilima cha Mengo, ambako Kabaka Mwanga II alikuwa na ikulu yake, na unaelewa bila kuambiwa kwamba ngome haikuwekwa pale kwa bahati. Vilima viwili vinatazamana kama majirani wasioaminiana. Mwezi wa Januari 1892 Waganda Waprotestanti na Waganda Wakatoliki walipigana katika bonde na miteremko iliyo kati ya vilima hivyo, na bunduki za Lugard zikaamua nani ashinde.

Mama alitandaza kitambaa kwenye ukingo wa mnara, mmoja wetu akishika kila ncha kwa sababu ya upepo, akaweka kidole juu ya mshono na kutueleza jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kwa sentensi moja. Baada ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na baada ya utawala wa Kiingereza kuhamia kilima cha Nakasero, eneo la marikani likawa mji mdogo wenye ardhi ya Taji, yaani mali ya serikali ya Uingereza, ambapo kiwanja hukodishwa kwa miaka maalumu na nyumba hujengwa kwa kanuni. Eneo la lubugo likabaki chini ya serikali ya Kabaka, likiwa na mkuu wake aliyeitwa Omukulu w'Ekibuga, na ardhi yake nyingi ikiwa ya mailo, mali ya machifu na wakubwa waliogawiwa na mkataba huohuo. Ramani za mipango miji, kama ule mpango wa Mirams wa mwaka 1930 na ule wa Mjerumani Ernst May uliotoka mwaka 1947, ziliushughulikia mji wa marikani. Mwafrika aliyekuja kufanya kazi katika mji huo hakuwa na mahali pa kulala ndani yake, isipokuwa kwa wachache, kwa hiyo alivuka mpaka na kupanga chumba Kisenyi, Katwe au Mulago, ambako mwenye ardhi alimkaribisha na kanuni za ujenzi hazikumfuata.

Katika kundi letu alikuwamo mzee mmoja aliyezaliwa Mulago. Binamu yangu mdogo, kwa adabu za kwao, alikuwa amemwamkia shikamoo tulipokutana, naye akafurahi mno kuitika marahaba, salamu ambayo hapa Kampala mtu anaweza kukaa mwaka mzima asiisikie. Mama alipomaliza, mzee huyo aliomba kusema. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Nakasero, akilipwa na Mzungu upande huu na kulipa kodi ya chumba kwa mwenye mailo upande ule. "Mchana baba alikuwa mtu wa Kampala," alisema, "na usiku alikuwa mtu wa Kibuga. Akiugua mchana alikuwa na bwana wa kumuuliza, akiugua usiku hakuna aliyemjua." Mama hakuongeza neno. Alikunja kitambaa, tukaanza kushuka.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa ya kwanza. Kutoka Old Kampala njia inapita Kisenyi, na Kisenyi ndiyo moyo wa hadithi hii, kwa kuwa ni mahali ambapo mji mmoja ulikuwa ukitupia watu wake mlangoni pa mji mwingine. Jina lenyewe kwa Kiganda ni bonde la majimaji. Tulipita kwa dakika 20, tukiwa tumebana mikoba kifuani, huku Mama akitazama saa. Hatukusimama kwenye mashine za unga, ambako vijana hutoka na nyusi nyeupe, magunia yamepangwa hadi darini, na vumbi la mahindi linamkalia kila mpita njia mabegani. Hatukusimama kwenye maduka ya Wasomali, ambako Kiswahili kinasikika zaidi kuliko mtaa mwingine wowote ninaoujua katika jiji hili. Nilijisikia vibaya zaidi kwa sababu Mengo maana yake ni mawe ya kusagia, na hapa chini ya kilima kiitwacho mawe ya kusagia jiji zima bado linasagiwa unga, na hakuna aliyewaambia wageni jambo hilo. Nilimwambia Mama baadaye. Alikubali kwamba ratiba imebana, na kwamba wageni wengine huingiwa na hofu wakisikia jina la Kisenyi. Naielewa sababu hiyo, lakini siikubali. Mtaa ukiogopwa, dawa yake ni kuutembelea taratibu pamoja na mtu anayeufahamu.

Upande wa Mengo ziara inapumua. Barabara ya Kabaka Anjagala imenyooka kama rula kutoka ikulu ya Lubiri hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, na kando yake zimesimama sanamu za alama za koo za Waganda. Katikati ya barabara upo mzunguko wa Nnantawetwa. Magari yote hulazimika kuuzunguka, na Kabaka peke yake ndiye anayefunguliwa lango na kupita katikati bila kupinda. Tulisimama pale karibu nusu saa, tukitazama bodaboda, malori ya ndizi na gari moja la serikali lenye bendera likizunguka kama wengine. Mfanyabiashara mmoja kutoka Bunia aliuliza, kwa haki kabisa, ni nani basi mwenye mji huu. Mama alijibu kwa kusimulia, na nusu saa ile ndiyo inayonifanya niipendekeze ziara hii kwa moyo mweupe.

Kampala ya marikani ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1962, mwaka wa uhuru, ikachukua kutoka Entebbe nafasi ya kuwa makao makuu ya nchi. Mji wa lubugo nao ukaja kuwa na manispaa yake, manispaa ya Mengo. Kwa hiyo nchi changa ilianza safari ikiwa na makao makuu ya taifa na makao makuu ya ufalme yakitenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mwaka 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais wa Uganda, na kwa muda mfupi ikaonekana kana kwamba vitambaa viwili vinaweza kukaa juu ya meza moja bila sindano. Haikudumu. Tarehe 20 Mei 1966 Lukiiko, yaani bunge la Buganda, lilipitisha azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi, na ardhi hiyo ni pamoja na Kampala yenyewe. Siku nne baadaye, kwa amri ya Milton Obote, kiongozi wa serikali kuu, jeshi chini ya Idi Amin liliishambulia Lubiri. Kabaka alitoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Bulange ikageuzwa kuwa makao ya Wizara ya Ulinzi. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Mwaka uliofuata mipaka ya jiji la Kampala ikapanuliwa na kuimeza manispaa ya Mengo pamoja na miji midogo ya Kawempe na Nakawa.

Mama alitupa kitambaa tukipitishe mkono kwa mkono, kila mtu aguse mshono. Uzi ni mnene, na upande wa lubugo gome limechanika kidogo pale sindano ilipopita, kwa sababu gome halivumilii sindano kama pamba inavyovumilia. Alisema hakupanga liwe hivyo, lilichanika tu alipokuwa akishona, akaamua kuliacha. Hakuegemea upande wa Obote wala wa Mengo, na katika mtaa ule, ambako kuna watu waliopoteza baba zao mwaka 1966, huo ni ustadi unaostahili heshima. Ndani ya Lubiri tulipelekwa kwenye vyumba vya zege vya kando ya maji ambamo watu waliteswa na kuuawa miaka ya Amin. Kiongozi alisema machache, akatuacha kimya, akatutoa. Nimeona waongozaji wengine wakipageuza mahali pale kuwa tamasha, kwa hiyo nilimshukuru.

Lipo jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili anapaswa kulijua kabla ya kulipa. Kuzungumzia Buganda kwa Kiswahili mbele ya lango la Bulange si jambo dogo. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipotaka Kiswahili kienezwe Uganda, upinzani mkali ulitoka hapahapa, na Kabaka Daudi Chwa aliandika kuupinga mpango huo miaka miwili baadaye. Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walizidi kukiona kama lugha ya askari na ya wezi, na wapo wazee ambao hadi leo hukunja uso wakikisikia. Mama alifika langoni akawasalimu walinzi kwa Kiganda kamili, akipiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akawaeleza sisi ni nani, na baada ya hapo tu ndipo akatugeukia na kuendelea kwa Kiswahili. Hakuna aliyetukunjia uso. Mlinzi mmoja hata alijaribu kutuaga kwa Kiswahili. Adabu ya namna hiyo haiandikwi kwenye tangazo la ziara, nayo ilikuwa na thamani kwangu kuliko chakula cha mchana, ambacho kilikuwa kizuri bila makuu: matoke, mchuzi wa karanga, na juisi ya pasheni.

Siwezi kusema hayohayo juu ya karatasi tuliyopewa. Maelezo yake yametafsiriwa kwa haraka, na kosa lake linaugusa uti wa mgongo wa ziara yenyewe: mahali pote ambapo maandishi ya awali yalitofautisha mji mdogo, manispaa na jiji, mfasiri ameandika "jiji". Msomaji anaambiwa kwamba jiji la Kampala liligeuka kuwa jiji, kisha likaungana na jiji la Mengo na majiji ya Nakawa na Kawempe. Mji mdogo hauna mamlaka ya manispaa, na manispaa haina hadhi ya jiji, na ugomvi wote wa historia hii ulihusu nani ana mamlaka gani juu ya nani. Nimejitolea kuwasahihishia bila malipo. Nakawa na Kawempe nazo zinastahili zaidi ya kutajwa kwa majina. Kwenye kitambaa zimo ndani ya mshono uleule, lakini mgeni anatoka bila kujua kwamba kumeza kwa mwaka 1968 hakukuihusu Mengo pekee.

Malalamiko madogo ni mawili. Nilipoweka nafasi nilisema wazi kwamba nataka ziara ya Kiswahili, nikapewa ya Kiingereza, na ilinibidi nipige simu mara tatu kabla ya kurekebishiwa. Vilevile hakuna aliyetueleza mapema kwamba viingilio vya msikitini na Lubiri hulipiwa kando. Binamu zangu walikuwa na fedha, lakini wanafunzi wawili waliotoka Kenya walibaki chini ya mnara hadi mzee wa Mulago alipowalipia.

Ziara inaishia kwenye kivuli cha mwembe, na hapo Mama akatoa kikapuni kitambaa cha tatu ambacho hatukukitarajia. Ni kipande cha kitenge chenye majina ya Nansana, Kira na Makindye-Ssabagabo, manispaa za wilaya ya Wakiso zinazoizunguka Kampala. Hakukishona kwenye vile viwili, alikishikiza kwa pini tu. Alitueleza kwamba tangu sheria ya 2010, Kampala, yenye kilomita za mraba 189 na tarafa tano, inaendeshwa na mamlaka iliyo chini ya serikali kuu, na kwamba marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yanasema jiji hilo liko ndani ya Buganda lakini litaendeshwa na serikali kuu. Marekebisho ya mwaka huohuo ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, jambo ambalo hakulitaja na ambalo nadhani angelitaja kwa fahari. Sensa ya 2014 ilihesabu watu 1,507,080 ndani ya Kampala, na nje ya mpaka wake watu 365,124 Nansana, 317,157 Kira na 283,272 Makindye-Ssabagabo. Wengi wao hufanya kazi upande mmoja wa mpaka na kulala upande wa pili. Mzee wa Mulago alikiinua kile kitenge akakitazama kwa muda mrefu, akauliza kama baba yake angekuwa hai leo angepanga chumba wapi. Mama akamjibu kwamba pengine Nansana.

Anayetaka kwenda avae viatu vya kutembelea, na wanawake wabebe mtandio hata kama msikitini hutolewa nguo za kujifunika. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ni vyema kuomba kuanza mapema zaidi asubuhi, maana bonde la Nakivubo likijaa maji njia ya Kisenyi haipitiki. Kundi la watu 11 lilikuwa kubwa kidogo kwa vichochoro vile, na wanane wangetosha. Mimi nitarudi muhula ujao pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na nimekwisha kumwomba Mama atupe saa moja nzima Kisenyi, tuanzie kwenye mashine za unga.